Tawi la Kaka Aliyekwenda Uingereza

Karatasi ya nasaba ilikuwa imetandazwa juu ya zulia la majlisi, pembe zake nne zimekandamizwa kwa vitu vilivyokuwa karibu: birika la gahawa, sahani ya tende, simu ya baba na kiatu cha mtoto. Mimi nilikuwa nimeingia kuchukua vikombe. Kwa upande wangu jambo hili lilianzia hapo, na nalieleza kama nilivyoliandika kwenye daftari langu, ingawa siku ile niliandika mistari mitatu tu na mmoja wake ulihusu vikombe.

Ninayemwita baba ndiye kafili wangu hapa Riyadh, mwajiri aliyenidhamini, mhandisi wa majengo, mtu wa miaka hamsini na kitu, anayependa kila kitu kikae kwenye mstari wake. Mkewe tunamwita madam. Mama yake baba kwa kawaida hukaa Jeddah kwa bintiye, lakini majira yale ya baridi alikuwa ameletwa kwetu kutibiwa macho. Sisi wafanyakazi wa nyumba huku, mama wa bosi tunamwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Matone yake ya macho, mara tatu kwa siku, yalikuwa juu yangu.

Jina la ukoo wao silitaji, si langu la kugawa. Asili yake ni bonde moja la Hadhramauti, na hata hapo kuna kauli mbili. Baba husema ni jina la bonde lenyewe. Mama Kabira husema ni jina la bibi mmoja wa zamani aliyelea wajukuu mayatima, watu wakawaita wale watoto kwa jina lake, na wanaume waliokuja baadaye wakaona haya. Sijui ipi ni ya kweli, kwa hiyo naziandika zote mbili. Ninachojua mwenyewe ni kwamba nililiona jina hilo Mombasa nikiwa mtoto, limepakwa rangi juu ya mlango wa duka la misumari, na nilipoliona tena kwenye mkataba wangu nilidhani naja kwa watu wa kwetu.

Kwenye karatasi ile kila mwanamume wa ukoo ana jani lake. Wanawake hawamo. Aliyekufa bila mtoto, jani lake huzungushiwa duara, na husemwa kwamba amefungwa. Baada ya Idi ukoo mzima ungekutana Jeddah, na mwandishi wa khati angeandika nasaba yote upya kwa wino, kwenye karatasi kubwa ya kutundikwa ukutani.

Mama Kabira hakuweza kuiona karatasi. Aliisikia tu inavyokwaruza zulia.

"Kaka yangu mmemwekaje?" akauliza.

"Mama, hatuna habari zake."

"Sikuuliza habari. Nimeuliza mmemwekaje."

Baba akamtazama madam, madam akaitazama gahawa. "Tumemfunga," baba akasema. "Kwa penseli tu."

"Mfungue."

"Mama, ni miaka sabini."

"Hata ingekuwa mia. Unajua hakuzaa? Ulikuwepo?"

Nikatoka na vikombe. Kilichofuata nilikisikia nikiwa ukumbini, na nakiri kwamba nilitembea polepole. Baba alisema mwandishi wa khati anataka orodha kamili kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani. Kufikia hapo kama hajapatikana mtoto wala mjukuu, jani litafungwa kwa wino, kwa sababu nasaba haiwezi kuacha mtu ananing'inia. Mama Kabira akasema basi tafuteni, msikae hapa mnakula tende.

Huyo kaka alikuwa amemzidi dada yake miaka kumi, na yumo kwenye nasaba ya kina baba kwa sababu Mama Kabira aliolewa na binamu yake wa ukoo ule ule. Aliondoka nyumbani Jeddah akiwa kijana, akaenda Adeni kwa mjomba, akapata kazi ya kuchochea moto kwenye meli ya Waingereza. Baadaye ilikuja picha moja tu: amesimama mbele ya mlango, amevaa koti zito lililomzidi mabega, na nyuma ya picha limeandikwa kwa herufi za kizungu jina la mji, Cardiff. Baada ya hapo kimya. Mama Kabira aliiweka picha ile ndani ya mfuko wa dawa zake, na kila nilipotoa chupa ya matone ilibidi nimtoe kaka kwanza.

Sitaki kumdhulumu baba. Alitafuta kweli. Alijiandikisha kwenye tovuti inayoonyesha majina ya koo na mahali yanapopatikana Uingereza, akaandika jina lao, ikamletea ramani yenye madoa. London madoa mengi, Birmingham, Leicester, na Cardiff mawili. Yale mawili ya Cardiff yalimfanya aje mpaka jikoni kutuonyesha. Akatuma barua za mtandao kwa kila doa aliloweza, kwa adabu, akieleza sisi ni nani na tunamtafuta nani.

Majibu yakaanza kuja, na hapo ndipo nilipoingizwa. Baba alinijia jikoni na simu mkononi.

"Hii ni lugha yenu?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, Kiswahili cha Unguja, na nyuma yake kijiko kinakoroga chai. Niliisikia mara mbili, na baadaye nikaiandika kadiri nilivyokumbuka:

"Asalamu alaikumu. Mie mtu wa Unguja, niko huku Uingereza tangu wanangu hawajaota meno. Hilo jina ni la marehemu mume wangu. Sasa sikilizeni, msijichoshe. Barua zenu zote zimekuja kwangu, kila anayepata analeta kwa bibi. Wenye jina hilo huku tunajuana, tukizikana tunakutana. Ni sisi wa Unguja, na wa Mombasa, na wa Lamu, na hao wawili wa Cardiff ni mtu na mkewe, manesi, wametoka Mombasa juzi. Baharia wa zamani hatunaye. Wale wa melini mambo yao mbali, wameoa huku huku. Mie nina jirani, bwana wa Kiyemeni, watoto wake barua zao zinakuja na jina la baba yake yeye, basi, ukoo haupo, ukiwauliza hawaujui. Haya, mwambieni huyo dada namuombea, na macho namuombea."

Baba alisimama akingoja. Mafuta ya sambusa yalikuwa yamepata moto na madam aliita kutoka ukumbini. Nikamwambia kwa Kiarabu changu: anasema wenye jina hili Uingereza ni watu wa Afrika Mashariki, wote wanajuana, baharia hayumo, anamwombea Mama Kabira. Baba akashukuru, akaondoka mabega yamelegea. Habari za jirani sikuzieleza. Niliona ni porojo za mtu mzima na chai yake.

Siku zile zilizofuata baba alipunguza kutafuta. Hakusema ameacha. Mfungo ukaingia, saa za kazi zikageuka, na kwenye karatasi lile duara la penseli likabaki pale pale.

Mama Kabira ndiye aliyekuwa akizungumza, kwangu, wakati wa matone. Ukishatiwa matone unatakiwa ulale chali macho umefumba kwa dakika tano, na yeye hakujua kukaa kimya dakika tano. Siku moja alinieleza habari za baba yake. Alikuwa muuza viungo mjini Jeddah, na nyumbani kila mtu mpaka leo humtaja kama baba wa fulani, kwa jina la mwanawe mkubwa, ndivyo heshima yao ilivyo. Jina lake lenyewe halitajwi.

"Kwa nini halitajwi, Mama Kabira?"

"Baya."

"Baya vipi?"

Akacheka hali macho amefumba. "Mama yake alizika watoto wanne kabla yake. Huyu wa tano akampa jina la kitu cha zizini, ili jicho lisimtamani. Akaishi miaka themanini. Hakuna Mwarabu mwingine duniani mwenye jina lile, nakuhakikishia. Wajukuu wanaona aibu. Muulize mwanangu babu yake aliitwa nani, uone atakavyokohoa."

Nikamwambia hata kwetu pwani mtoto aliyefuata baada ya wenziwe kufa hupewa jina la kudharaulika. Akafurahi sana kusikia, akaniuliza hao watoto wetu huishi, nikasema wengi huishi.

Sikuunganisha kitu na kitu. Nalisema hilo wazi kwa sababu baadaye nilisifiwa. Nilikuwa na vipande vyote mkononi na nikaviweka chini nikaenda kukuna nazi.

Ijumaa moja nilipewa ruhusa, nikaenda Batha, mtaa wa maduka, na rafiki yangu, Mkenya mwenzangu wa Nakuru anayefanya kazi kwenye nyumba moja Shumaisi. Yeye ni Mkristo, lakini mwezi ule hakula hadharani, na alilalamika njia nzima kwamba anafunga bila thawabu. Laini yangu ya simu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tuliingia duka la simu. Muuzaji akachukua ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, akatuambia tungoje kwenye viti. Duka lilijaa. Akaita jina, hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Akaita mara ya tatu kwa hasira, akatoka nyuma ya meza, akaja kunisimamia.

"Wewe. Si nakuita?"

Lilikuwa jina la babu yangu. Kwenye pasipoti nina majina matatu, langu, la baba na la babu, kama Wakenya wengi wa pwani. Huku wameshika lile la mwisho wakalifanya la ukoo. Babu alikuwa fundi wa majahazi, hajawahi kukanyaga Riyadh, na sasa anaitwa kwenye duka la simu.

Rafiki yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Wee, kumbe nimekuwa nikitembea na mzee wa watu. Shikamoo babu."

Nilikuwa nimeshainuka kuchukua ikama nikasimama hapo hapo katikati ya duka. Nilimsikia yule mama wa Unguja na kijiko chake. Watoto wake barua zao zinakuja na jina la baba yake yeye.

Tulipotoka nje nikamweleza rafiki yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa si uwaambie."

"Wataniuliza kwa nini sikusema mara ya kwanza."

"Eeh, watakuuliza. Na utajibu ulikuwa unapika." Kisha akatafakari. "Lakini pia hiyo ni family yao. Ukisema na iwe si kweli, umempa huyo nyanya matumaini ya bure, na atalia mbele yako kila siku ukimtia dawa. Mimi nisingesema." Tukatembea kidogo. "Ama ningesema. Usiniulize mimi, mimi hata kwetu sijui babu yangu alizaliwa wapi."

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Si nyingi, lakini orodha ya mwandishi wa khati ilikuwa imebakiza wiki moja, na mimi nikazila siku tatu kwa kuogopa. Nilijiambia pengine nimechanganya, pengine makarani wa meli walikuwa na utaratibu wao, na mimi ni mtu wa darasa la nane. Siku ya nne, baada ya kufuturu, nilileta sinia ya gahawa, nikaiweka, na sikuondoka.

"Baba, ile sauti ya mama wa Unguja. Kuna maneno niliyaacha."

Madam akaweka kikombe chini. "Maneno gani?"

"Niliyaona ya umbea tu, madam. Yalimhusu jirani yake."

Nikayaeleza. Baba akavua miwani. Alikuwa na haki ya kukasirika na nilimwona anakasirika, kisha nikamwona anaiacha hasira kando kama mtu anayeahirisha kazi.

"Wiki tatu," akasema.

"Ndiyo, baba. Nimekosa."

"Endelea."

"Karani wa meli alimuuliza mjomba wako jina lake na la baba yake. Ukoo hakuulizwa. Sasa watoto wake wataitwa kwa baba yake. Yaani kwa babu yako wewe."

"Umejuaje?"

Nikatoa ikama yangu nikamwonyesha. "Mimi hapa naitwa babu yangu."

Aliisoma kama ambaye hajawahi kuiona, na yeye ndiye aliyeilipia. Madam, ambaye hupenda kupima jambo kabla ya kulishika, akasema hata ikiwa hivyo, majina ya watu wa kawaida yamejaa Uingereza, utawatafuta vipi wote. Lilikuwa neno la maana kabisa. Mama Kabira akajibu kutoka kwenye mto wake:

"Jina la baba yangu si la kawaida."

Baba akakohoa.

"Si nilikwambia," Mama Kabira akaniambia.

"Mama, jina lile," baba akasema.

"Liandike. Ndilo lake. Alikula nalo, akaoa nalo, akanizaa nalo."

Akaliandika kwenye ile tovuti. Alijaribu namna mbili za kuligeuza kwa herufi za kizungu, zote zikaleta kitu, ya pili zaidi. Ramani ikafunguka. Hapakuwa na madoa London. Hapakuwa na madoa Birmingham wala Leicester. Uingereza nzima ilikuwa tupu isipokuwa upande mmoja wa chini, Wales, ambako madoa yalikuwa yamerundikana kama siafu juu ya kipande cha mkate, na yalipokaa ndipo palipoandikwa nyuma ya ile picha, Cardiff.

Baba aliigeuza simu, akaileta karibu na uso wa mama yake ingawa anajua haoni, akamshika kidole, akakigusisha kwenye kioo. "Hapa. Wote wako hapa."

"Wangapi?"

"Sijui. Wengi."

"Wengi," akasema Mama Kabira, na akaomba tende nyingine.

Mimi nilirudi jikoni, nikafungua bomba la maji, nikaoshaosha vikombe safi. Nilifurahi kwa namna ambayo sikumbuki nimefurahi tangu nije huku. Muuza viungo aliyefichwa na wajukuu zake, ambaye hakuwahi kuvuka hata kwenda Adeni, alikuwa ameota ukoo mpya kwenye nchi ya mvua, na kwenye tovuti ile, penye swali la asili ya jina, walikuwa wameandika kwamba haijulikani. Sisi tulikuwa tunaijua. Ilikuwa imelala pale kwenye mto, inakula tende.

Baba alituma barua. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ya tatu akajibu mwanamke, na akatuma picha mbili. Ya kwanza ni mzee mwenye nywele nyeupe amekaa kwenye kiti cha bustani. Baba na madam waliiweka kando ya ile ya koti na hawakuhitaji kuulizana. Ya pili ni gari kubwa la kuvuta magari yaliyoharibika, jekundu, na ubavuni, kwa herufi nyeupe zenye urefu wa mkono, limeandikwa lile jina. Gari ni la mpwa wa huyo mwanamke. Baba alimweleza mama yake ilivyo.

"Limeandikwa wazi, barabarani?"

"Kubwa kabisa, mama."

Alicheka mpaka matone yakatoka yote nikaanza upya. "Baba yangu alikuwa anaogopa punda," akasema. "Leo anavuta magari."

Yule mwanamke alikuwa binti wa kaka yake Mama Kabira. Aliandika kwamba baba yake alifariki miaka mingi iliyopita, na kwamba alizikwa na Waislamu wenzake. Baba alimsomea mama yake polepole. Mama Kabira akaomba maji ya udhu, akamwombea kaka yake. Kisha akauliza, "Na wa kiume?" Kaka alikuwa amezaa binti huyo na mtoto wa kiume mmoja, naye mwana huyo alifariki, lakini ameacha wana watatu.

Orodha ilikuwa tayari imekwenda Jeddah. Baba alimpigia mwandishi wa khati siku hiyo hiyo akamwomba jani lile asiliguse.

Tuliruka kwenda Jeddah siku ya pili ya Idi. Mkutano ulikuwa kwenye istiraha, zile nyumba za kukodi zenye ua mkubwa, wanaume ukumbi wao, wanawake wao, na karatasi kubwa ya nasaba imelazwa kwenye meza ndefu mlangoni katikati, ili watu wa pande zote waione. Mwandishi wa khati alikuwa mzee mkavu aliyefunga kitambaa kifuani asichafuke. Karibu kila jani lilikuwa limekauka. Tawi la kaka lilikuwa limeachwa wazi.

Hapo binamu mmoja wa baba, mtu wa sheria, akasimama. Sikumpenda wakati ule, lakini nikimfikiria sasa alikuwa anafanya kazi yake. Akasema nasaba ni amana. Jina la baba peke yake si ushahidi, picha ya mzee mwenye nywele nyeupe si ushahidi. Huenda baharia mwingine aliyejua jina hilo alilichukua. Tukiandika kwa huruma leo, watoto wetu watasoma uongo ukutani.

Alikuwa amesema kweli. Baba akampigia simu yule binti, akaiweka mezani kwa sauti kubwa, na Mama Kabira akaletewa kiti. Nilisimama nyuma yake kwa sababu ya macho yake. Binti aliongea Kiingereza, lafudhi ngeni kabisa, anapandisha na kushusha kama anaimba, na baba akawa anatafsiri. Nadhani alikuwa na haraka na alikuwa na aibu mbele ya watu wote wale.

Binti akaongea kwa muda mrefu. Baba akasema, "Anasema baba yake alikuwa akimkumbuka dada yake."

Mama Kabira akageuza kichwa. "Yeye kasema maneno mengi, wewe unaniletea matano." Akapapasa nyuma mpaka akanishika mkono. "Kweli kasema hivyo tu?"

Mimi Kiingereza changu ni cha shule ya msingi Mombasa na hoteli moja niliyofagia Nyali. Ukumbi mzima uliangalia. Baba alikuwa bosi wangu na sikutaka kumwaibisha. Lakini mara ya kwanza nilikuwa nimeacha maneno kwa sababu ya sambusa.

"Alisema zaidi, Mama Kabira."

"Sema."

"Anasema baba yake alimhadithia kwamba nyumbani palikuwa na gunia la ndimu kavu, za dukani. Na dada yake mdogo alikuwa analitoboa chini kwa msumari, anaziiba, anazila na chumvi. Na siku moja alipigwa, kaka akasema ni yeye aliyetoboa, wakapigwa wote wawili. Anauliza kama huyo shangazi bado anakula ndimu kavu."

Baba alinitazama, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. "Ni kweli," akasema kwa sauti. "Nilifupisha."

Mama Kabira hakulia kama rafiki yangu alivyotabiri. Alikaa wima. "Gunia lilikuwa nyuma ya mlango," akawaambia watu wote. "Hilo sijawahi kumwambia hata mume wangu, kwa sababu ni wizi." Kisha akamgeukia yule binamu mtu wa sheria. "Mwanangu, hii nayo baharia mwingine aliichukua?"

Binamu alicheka kwanza, na ukumbi ukafuata. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye meza, akamwambia mwandishi wa khati, "Andika. Mimi ni shahidi." Kwa haki yake, hakuna aliyemlazimisha.

Wanawake wakapiga vigelegele, na simu ikiwa bado wazi tukamsikia binti kule Cardiff anauliza hiyo kelele ni ya nini, kuna aliyeumia. Nikamwambia mimi, kwa Kiingereza changu, kwamba baba yake anaandikwa. Akaniomba nisikate simu.

Mwandishi wa khati akachovya kalamu ya tete. Aliandika kutoka kwa kaka kwenda kwa mwanawe, na kutoka kwa mwanawe matawi matatu madogo yakapanda juu. La tatu halikupata nafasi, kwa kuwa hakuna aliyetegemea kitu upande ule, ikabidi alipindishe kando ya ukingo mpaka likakaribia kutoka nje ya karatasi. Shangazi mmoja akamuuliza Mama Kabira kama haoni vibaya kwamba binti hayumo, wala yeye mwenyewe hayumo.

"Mimi nipo hapa nakula wali wao kila siku," akasema. "Waniandike wa nini. Na huyo binti atakuja, atakula nao." Kisha akaninyooshea mkono. "Nipeleke."

Nikamsogeza mezani. Alitaka kugusa. Nikashika kidole chake cha shahada, nikakipeleka juu ya karatasi, na hapo nilitakiwa kukumbuka kwamba wino ulikuwa haujakauka. Mwandishi wa khati alisema taratibu, taratibu, lakini kidole kilikuwa kimeshatua juu ya jani la kaka, na kilipoinuka kilivuta mstari mweusi kutoka pale mpaka kwa wale watatu.

Mzee wa khati akashika kichwa. Akasema ataukwangua kwa wembe, hautaonekana. Nikaanza kuomba radhi kwa lugha zote nilizonazo.

"Kuna nini?" akauliza Mama Kabira. "Nimeharibu?"

Baba aliinama akaangalia, kwa muda, na yeye ni mtu wa mistari. "Hapana, mama," akasema. "Umeunganisha." Akamwambia mwandishi wa khati auache hivyo hivyo ulivyo, kisha akatafuta kitambaa mfukoni amfute mama yake kidole, lakini Mama Kabira alikuwa ameshakificha ndani ya buibui lake.